Masikio Yakianza Kuvuma Ukiwa Kwenye Dawa za Maumivu: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Baba mkubwa wangu, fundi seremala mstaafu aliyepasua na kuranda mbao kwa zaidi ya miaka 30, alinipigia simu jioni moja akilalamika kwamba nyumba yake imeingiliwa na nyenje, na kwamba hakuna anayewasikia ila yeye. Nilipofika nilimwamkia mara mbili ndipo akaitika. Nilimwomba aniletee dawa zote anazotumia, si zile za hospitali peke yake, naye akamimina mezani bahasha ndogo za karatasi zilizoandikwa 3x3 kwa kalamu, kadi ya vidonge vya daiklofenaki iliyobaki nusu, vidonge vya kichwa vya dukani na tyubu ya dawa ya kuchua iliyokuwa inanukia chumba kizima. Tulihesabu pamoja. Vidonge vya aspirini vya magoti vilikuwa 9 kwa siku, kila kimoja miligramu 300, yaani miligramu 2,700. Vile vya kichwa, ambavyo hakujua kwamba navyo vina aspirini miligramu 300 kila kimoja, alikuwa akimeza 4, sawa na miligramu 1,200. Jumla ilikuwa miligramu 3,900 kabla hatujagusa dawa ya kuchua, aliyokuwa akiipaka asubuhi na usiku na kuifunga kwa kitambaa ili joto lisitoke.

Nyenje hao walikuwa ndani ya masikio yake, na aliyewaleta hakuwa dawa moja bali jumla ya dawa nne ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziweka mezani kwa pamoja. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata utaratibu uleule tulioufuata siku ile: tunaitazama dalili ilivyo, tunauliza ilianza lini ukilinganisha na dawa, kisha tunahesabu miligramu. Masikio hupatwa na mengi, na kuilaumu dawa isiyo na kosa kunaweza kumchelewesha mgonjwa sawasawa na kuipuuza dawa yenye kosa.

Dawa zinazohusika

Ninapozungumzia dawa za maumivu zinazopunguza uvimbe nina maana ya aspirini, ibuprofeni ambayo wengi wanaijua kwa jina la Brufen, daiklofenaki ambayo wengi huiita Voltaren, pamoja na naproksini, indomethasini, piroksikamu na meloksikamu. Zote huzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, yaani kemikali ambazo mwili huzitumia kuleta maumivu, joto na uvimbe. Kazi hiyo ilielezwa na John Vane mwaka 1971, naye akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982. Parasetamoli, maarufu kama Panadol, haimo katika kundi hili kwa sababu haipunguzi uvimbe kwa kiasi cha maana, lakini nitairudia baadaye, kwa kuwa tafiti za usikivu zimeikuta mahali ambapo wengi hawakuitarajia.

Mlio mwembamba usiokatika, masikio yote mawili, siku chache baada ya kuanza au kuongeza dozi

Hii ndiyo sura ya kawaida ya aspirini, na ndiyo dalili ambayo dawa inastahili kushukiwa kwanza. Mgonjwa huelezea mlio mwembamba wa juu, kama wa nyenje, wa filimbi ya mbali au wa birika linaloanza kuchemka, unaosikika zaidi usiku nyumba ikitulia. Mara nyingi mlio huo huandamana na usikivu kupungua pande zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana: watu wanasikika kama wanaongea wakiwa chumba cha pili, na sauti ya redio inapandishwa bila mwenyewe kutambua.

Inafaa kueleza kinachotendeka ndani, kwa sababu ukikielewa utajua kwa nini ninasisitiza kuhesabu. Ndani ya koklea, kile kiungo cha sikio kilichojikunja kama konokono, kuna aina mbili za seli zenye vinyweleo. Za ndani, takriban 3,500 kwa kila sikio, ndizo zinazopeleka habari kwenye mshipa wa fahamu. Za nje, takriban 12,000, kazi yake ni kuikuza sauti hafifu kabla haijafika kwa zile za ndani, na huikuza kwa kurefuka na kufupika kwa kasi kubwa kufuata sauti inayoingia. Protini inayoziwezesha kufanya hivyo inaitwa prestini, iliyotambuliwa mwaka 2000, na ili ifanye kazi inahitaji chembe za kloridi. Salisileti, ambayo ndiyo kitu aspirini inachogeuka kuwa ikiingia mwilini, hukaa mahali pa kloridi, na seli ikabaki imetulia bila kurefuka wala kufupika. Kipaza sauti cha asili kinapungua nguvu, lakini seli zenyewe hazijafa. Ndiyo maana upungufu unaoletwa na aspirini kwa kawaida hauzidi desibeli 40 hivi, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na ndiyo maana dawa ikitoka mwilini usikivu hurudi, mara nyingi ndani ya siku moja hadi tatu.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni namna ini linavyoiondoa salisileti. Kwa dozi ndogo, nusu ya dawa hutoka mwilini ndani ya saa 2 au 3. Dozi ikiwa kubwa, vimeng'enya vya ini hujaa kazi, na muda wa kutoka kwa nusu ile hurefuka hadi saa 15 au hata 30. Maana yake ni kwamba kuongeza kidonge kimoja juu ya dozi ambayo tayari ni kubwa hakuongezi kidogo kama mtu anavyodhani. Dawa ya leo inaikuta ya jana haijatoka, na kiwango katika damu kinapanda kwa siku kadhaa mfululizo. Mlio kwa kawaida huanza salisileti inapofika takriban miligramu 200 kwa kila lita ya damu. Madaktari wa zamani waliotibu baridi yabisi kwa aspirini waliitumia dalili hii kama kipimo: waliongeza dozi mpaka masikio ya mgonjwa yalie, kisha wakaipunguza kidogo. Njia hiyo ilikuwa na kasoro moja ambayo inatuhusu hadi leo, nayo ni kwamba mtu ambaye usikivu wake ulikwisha kupungua, hasa mzee, huenda asiusikie mlio huo hata kiwango cha dawa kinapovuka mpaka. Kwa mzee, kimya si ushahidi wa usalama.

La kufanya ni hili. Weka mezani kila kitu, kisha soma maandishi madogo ya kila pakiti ukitafuta neno aspirini, jina lake jingine ambalo ni asidi ya asetilisalisiliki, au neno lolote lenye salisileti ndani yake. Vidonge vya dukani vya kichwa na mafua mara nyingi huchanganya aspirini, parasetamoli na kafeini, na mtu anaweza kuvimeza pamoja na aspirini ya magoti bila kujua kwamba anarudia dawa ileile. Dawa nyingi za kuchua zenye harufu kali ya moto na baridi zina methili salisileti, ambayo hupenya ngozi, na hupenya zaidi ikipakwa eneo kubwa, mara nyingi, ikafungwa kwa kitambaa au kukandwa kwa maji ya moto. Hata baadhi ya dawa za tumbo zina bismathi pamoja na salisileti. Jumlisha miligramu za siku nzima. Jumla ikikaribia gramu 3 au 4, na mlio ulianza baada ya kupanda huko, una sababu nzuri ya kuacha aspirini uliyojinunulia mwenyewe na kumweleza mhudumu wa afya siku hiyohiyo au kesho yake. Mlio ukififia ndani ya siku tatu, jibu limepatikana. Usipofifia baada ya wiki moja, chanzo si dawa hiyo peke yake, na unahitaji kupimwa.

Ibuprofeni, daiklofenaki, naproksini na indomethasini nazo zinaweza kuleta mlio, na jambo hilo limeandikwa katika karatasi zinazokuja na dawa, ila si mara nyingi kama aspirini kwa dozi kubwa. Hizi haziikamati prestini kama salisileti inavyofanya. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba prostaglandini husaidia kuweka wazi mishipa midogo ya damu inayolisha koklea, na zikipungua damu nayo hupungua. Hesabu hapa pia ni ya lazima. Ibuprofeni ya kujinunulia isizidi miligramu 1,200 kwa siku bila daktari, na daiklofenaki isizidi miligramu 150. Na hakuna sababu yoyote ya kutumia mbili za kundi hili kwa wakati mmoja, kwa kuwa faida haiongezeki ilhali madhara ya tumbo na figo yanajumlishwa.

Mlio pamoja na kuhema haraka, kutapika, jasho au kuchanganyikiwa

Hapa usihesabu wala usisubiri. Hizi ni dalili za sumu ya salisileti, na mgonjwa anatakiwa afike hospitali mara moja akiwa na pakiti za dawa mkononi. Kuhema kwa kasi na kwa kina bila kikohozi ndiyo alama ambayo familia nyingi huikosea wakidhani ni nimonia au malaria. Watoto wako hatarini zaidi: kijiko kimoja cha chai cha mafuta halisi ya methili salisileti kina nguvu inayolingana na takriban gramu 7 za aspirini, kiasi kinachoweza kumuua mtoto mdogo, kwa hiyo chupa ya dawa ya kuchua haifai kukaa kwenye dirisha la chumba cha kulala. Aspirini yenyewe haipewi watoto wenye homa bila agizo la daktari, kwa sababu ya ugonjwa wa Reye unaodhuru ini na ubongo.

Sikio moja limepoteza usikivu ghafla

Mtu ameamka asubuhi, ameweka simu sikio la kulia kama kawaida, akakuta hasikii. Huenda kuna mlio, huenda kuna kizunguzungu, huenda hakuna maumivu yoyote. Kama usiku uliotangulia alimeza Brufen kwa ajili ya jino, jirani wa kwanza atasema ni Brufen. Mimi ninaomba kwa msisitizo wote kwamba maelezo hayo yasikubaliwe. Dawa inayoingia kwenye damu hufika masikio yote mawili, haichagui moja. Upotevu wa usikivu unaotokea ndani ya saa 72 kwenye sikio moja ni dharura ya sikio la ndani, na tiba yake, ambayo kwa kawaida ni dawa za kundi la steroidi, hufaa zaidi ikianza ndani ya siku chache za mwanzo na hupoteza sehemu kubwa ya manufaa baada ya wiki mbili. Mtu anayekaa nyumbani akisubiri dawa ya maumivu itoke mwilini anazipoteza siku zenyewe.

Lipo jaribio dogo unaloweza kulifanya ukiwa njiani kwenda hospitali. Funga mdomo, kisha guna kwa sauti nene, mmmm, ukisikiliza sauti inaegemea wapi. Kwanza lifanye ukiwa umeziba sikio moja kwa kidole ili uone linavyofanya kazi: utaisikia sauti ikihamia upande ulioziba. Sasa ondoa kidole ugune tena. Sauti ikiegemea sikio lenye tatizo, inaelekea kwamba kuna kizuizi njiani, kama nta au majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Ikiegemea sikio lisilo na tatizo, inaelekea kwamba tatizo liko ndani, kwenye koklea au mshipa wa fahamu, na hapo haraka yako iwe kubwa zaidi. Jaribio hili halimzidi daktari, lakini linakupa neno la kumwambia, na linakuzuia usikubali kurudishwa nyumbani na matone ya nta kabla sikio halijatazamwa.

Mlio unaodunda kwa kufuata mapigo ya moyo

Shika mapigo kwenye kifundo cha mkono ukisikiliza mlio. Vikienda pamoja, huu si mlio wa aspirini niliouelezea juu, bali unaisikia damu yako ikipita. Dawa za maumivu zinaweza kuhusika hata hivyo, kwa njia ya kuzunguka ambayo ni rahisi kuikosa, nami ninaitaja kwa kirefu kwa sababu hatari yake haiko sikioni.

Dawa zote za kundi hili huweza kuchubua tumbo na kulitia vidonda vinavyovuja damu polepole, wakati mwingine bila maumivu, kwa kuwa dawa yenyewe inayaficha. Damu ikipungua kwa wiki kadhaa, moyo husukuma kwa kasi na kwa nguvu zaidi, na mkondo huo wa kasi husikika masikioni kama ngoma ya mbali. Mgonjwa analalamikia sikio, ilhali anachoka kupanda ngazi, viganja na utando wa ndani wa kope vimepauka, na choo ni cheusi kinachong'aa kama lami. Akija mtu mwenye mlio wa kudunda na ametumia daiklofenaki kwa miezi, swali la kwanza liwe juu ya rangi ya choo, na kipimo cha kwanza kiwe wingi wa damu. Choo cheusi kama lami ni sababu ya kwenda hospitali leo.

Njia ya pili ni shinikizo la damu. Dawa hizi huzuia figo kutoa chumvi na maji kama inavyopaswa, na hupunguza nguvu za baadhi ya dawa za presha. Mtu ambaye presha yake ilikuwa imetulia anaweza kuiona ikipanda baada ya wiki chache za ibuprofeni ya mgongo. Pima presha. Ikiwa imepanda, mwambie anayekutibu kuhusu dawa ya maumivu kabla hajakuongezea dawa nyingine ya presha. Mlio wa kudunda upande mmoja tu, bila upungufu wa damu wala presha, uchunguzwe na mtaalamu, kwani mishipa ya karibu na sikio inaweza kuwa na hitilafu.

Sikio limeziba, linauma au linatoa usaha

Kuziba bila mlio mwembamba, hasa baada ya kuoga au kusafisha sikio kwa pamba, mara nyingi ni nta iliyosukumwa ndani, na dawa za maumivu hazihusiki. Usichokoe kwa njiti ya kiberiti wala pini.

Sikio linalouma ni habari nyingine. Ibuprofeni ni dawa nzuri ya maumivu ya sikio, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu mtoto akipewa dawa analala, homa inashuka, mzazi anapumua, ilhali maambukizi nyuma ya ngoma ya sikio yanaendelea. Usikivu uliopungua wiki mbili baadaye haukuletwa na dawa. Uliletwa na ugonjwa ambao dawa iliuficha. Maumivu ya sikio yanayorudi kila dawa inapoisha nguvu kwa zaidi ya siku mbili au tatu, au usaha wowote, sikio litazamwe kwa taa.

Hakuna mlio, ila unawaomba watu warudie

Hii inakuja polepole mno kiasi kwamba wa kwanza kuitambua huwa ni mke, mume au mjukuu. Mtu husikia kwamba anasemeshwa, lakini haelewi alichoambiwa. Sauti nyembamba za s, f, sh na th hupotea kabla ya irabu, na kwa hiyo "fika" na "shika" zinafanana, "saa" na "taa" zinafanana, na lawama inawaendea wajukuu kwamba siku hizi hawatamki maneno vizuri.

Je, dawa za maumivu zinaweza kuchangia hali hii ya kudumu? Hapa ninataka kuwa mwangalifu, kwa sababu ushahidi upo lakini hauna uzito uleule wa aspirini na mlio. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 26,917 kwa miaka 18. Waliotumia dawa za kundi hili mara mbili au zaidi kwa wiki walipata upungufu wa usikivu kwa asilimia 21 zaidi ya waliozitumia mara chache kuliko hapo au wasiozitumia kabisa, watumiaji wa parasetamoli kwa asilimia 22, na wa aspirini kwa asilimia 12. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa chini ya miaka 50, ambapo kwa watumiaji wa parasetamoli hatari ilikaribia kuwa maradufu. Mwaka 2012 utafiti mwingine wa wanawake 62,261 uliona hali inayofanana kwa ibuprofeni na parasetamoli, na kadiri siku za kutumia kwa wiki zilivyoongezeka ndivyo tofauti ilivyokua, lakini haukuiona kwa aspirini. Washiriki wenyewe ndio waliotoa taarifa za usikivu wao, na anayemeza dawa za maumivu kila wiki ana maradhi, usingizi mbaya na mengine ambayo yanaweza kugusa masikio pia. Kwa hiyo tafiti hizi zinaonyesha vitu viwili vinavyotembea pamoja. Hazijathibitisha kwamba kimoja ndicho kinachokivuta kingine.

Kwa maoni yangu zinatosha kumfanya mtu anayemeza dawa siku nne au tano kwa wiki, mwaka hadi mwaka, ajiulize kama bado anaihitaji. Hazitoshi kumfanya mwenye homa ya leo aogope vidonge viwili vya Panadol. Mwenye kuumwa kichwa ambaye amefikia kumeza dawa siku 15 au zaidi kwa mwezi anapaswa pia kujua kwamba dawa zenyewe, kwa kiwango hicho, zinaweza kuwa ndizo zinazokirudisha kichwa hicho.

Kabla ya kuilaumu dawa kwa upungufu wa polepole, uliza kuhusu kelele na umri, kwa sababu hizo ndizo sababu kubwa. Shirika la Afya Duniani linachukulia desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa mpaka wa usalama, na mashine ya kuranda mbao, mashine ya kusaga, jenereta ya dukani na spika za harusi zinauvuka kwa mbali. Kelele na dozi kubwa ya aspirini kwa wakati mmoja si mchanganyiko ninaoweza kuushauri kwa fundi yeyote.

Kizunguzungu

Indomethasini inajulikana kwa kuleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa, na salisileti nyingi huweza kuyumbisha. Kizunguzungu cha kusimama ghafla kinarudi kwenye swali la damu kupungua. Chumba kikizunguka kwa saa kadhaa, huku sikio moja likivuma na kuziba, kamwone daktari wa masikio.

Mtuhumiwa mwingine katika bahasha ileile

Dawa za maumivu ni nadra kuandikwa peke yake, na mara nyingine mwenzake ndiye mwenye kosa. Wazee wetu wanakumbuka masikio ya kwinini: mlio, kuziba na kichefuchefu vilivyomkuta karibu kila aliyetibiwa malaria kali kabla ya sindano ya atesuneti kuchukua nafasi yake. Hayo kwa kawaida yaliisha dawa ilipoisha. Sindano za kuua bakteria za jentamaisini, streptomaisini, kanamaisini na amikasini ni jambo zito zaidi, kwa kuwa zinaziua seli zenye vinyweleo na seli hizo kwa binadamu hazioti tena. Sisplatini ya saratani hufanya vivyo hivyo, na furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, ikipigwa kwa wingi kwenye mshipa huongeza hatari.

Dawa za maumivu zinaingia hapa kupitia figo. Jentamaisini hutolewa na figo, na daiklofenaki au ibuprofeni hupunguza damu inayoingia kwenye figo, hasa kwa mzee, kwa mtu aliyeharisha au kutapika akakaukiwa maji, na kwa mwenye kisukari. Figo zikilegea, jentamaisini inabaki mwilini muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, na masikio ndiyo yanayolipa. Ukiwa wodini kwa sindano hizo, mwambie muuguzi kwamba nyumbani unatumia dawa za mgongo, hata kama hakukuuliza, na mwambie mara tu unaposikia mlio, kwa sababu hapa kungoja dozi iishe kuna gharama isiyorudishwa.

Aspirini ndogo ya moyo

Aliyeandikiwa aspirini ya miligramu 75 au 100 kwa siku baada ya kiharusi, mshtuko wa moyo au kuwekewa chuma kwenye mshipa wa moyo asiiache kwa sababu ya mlio. Kiasi hicho hakifikishi damu karibu na kiwango kinachogusa koklea, na kuikatisha ghafla kunaweza kurudisha donge la damu lililokuwa limezuiwa. Tafuta chanzo kingine, na umwone aliyekuandikia.

Unapokwenda hospitali

Nenda na pakiti zenyewe, si majina ya kukumbuka, pamoja na karatasi moja yenye tarehe ya kuanza kila dawa, vidonge vya siku, na tarehe mlio ulipoanza. Omba sikio litazamwe kwa taa, kisha uombe kipimo cha usikivu. Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando kwa Tanzania, na Kenyatta kwa Nairobi, zina idara za masikio, pua na koo. Kipimo kikionyesha upungufu unaolingana pande zote mbili, kirudiwe wiki mbili au tatu baada ya dawa kusimamishwa. Kilichorudi kilikuwa cha dawa, na kilichobaki kina chanzo kingine. Uliza pia maumivu yenyewe yatatibiwa vipi, maana goti halitanyamaza kwa sababu sikio limeponywa. Kwa goti la mzee, mazoezi ya kukaza misuli ya paja na daiklofenaki ya kupaka, inayoingia kwenye damu kwa kiasi kidogo mno kuliko kidonge, mara nyingi hupunguza sana vidonge.

Baba mkubwa aliacha aspirini zote mbili na dawa ya kuchua, na daktari akampangia dawa moja badala ya nne. Siku ya nne alinipigia simu asubuhi. "Mwanangu, nyenje wamehama," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala. Wiki tatu baadaye tulikwenda kupima. Mchoro wa usikivu ulikuwa mzuri kwa sauti nene, kisha ukatumbukia kwenye sauti nyembamba, kwa masikio yote mawili, kwa namna inayoonekana kwa watu waliozeeka karibu na mashine. Mpimaji alimwuliza kama aliwahi kuvaa vizibo vya masikio alipokuwa akiranda mbao. Ilibidi nilirudie swali hilo, taratibu, nikiwa nimemtazama usoni.